Ujira wa moshi: jirani anayekukaushia nyama aombe nini?

Siku ya 10 ya Mfunguo Tatu (Dhulhija), mara baada ya swala ya Idi, nyama huzunguka katika mitaa ya Tanga kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Nyumba moja huweza kupokea mafungu matatu au manne kutoka kwa ndugu na majirani waliochinja; friji, kwa wale walio nayo, hujaa kabla ya adhuhuri, na uchinjaji wenyewe huruhusiwa kuendelea hadi siku ya 13. Hapo ndipo watu humkumbuka jirani mwenye pipa la kukaushia nyama kwa moshi. Suala ninalotaka kulipima ni hili: jirani huyo, ambaye mara nyingi ni mwanamke, anapopelekewa ndoo tano za nyama za watu, aombe malipo gani, au asiombe kitu?

Wanaosema asiombe kitu wana hoja ambayo haifai kubezwa. Jirani si mteja. Huyo aliyeleta ndoo leo ndiye atakayekesha nawe msibani, atakayemchukua mtoto wako anapougua usiku na atakayekuazima sufuria kubwa ukiwa na shughuli. Baina ya watu wa namna hiyo wema huenda kwa kikoa, leo kwangu kesho kwako, na mwenye kutaja bei huonekana amejitoa katika duara hilo. Wapo pia wanaoongeza kwamba nyama ya udhiya, yaani ya mnyama anayechinjwa kwa ajili ya Idi hii, ni ibada. Mtume (S.A.W.) aliwahi kukataza isiwekwe zaidi ya siku tatu kwa sababu ya wahitaji waliofika Madina mwaka ule, kisha akaruhusu watu kula, kuweka akiba na kutoa sadaka, kwa hiyo anayemsaidia mwenzake kuiweka akiba hiyo anashiriki katika kheri, na kheri haitozwi.

Nayakubali haya, isipokuwa mfano wa kikoa. Kikoa husimama kwa sababu zamu huzunguka, na kila mmoja hufikiwa na zamu yake ya kutoa na ya kula. Mwenye pipa mtaani ni mmoja. Zamu ya kukesha na moshi haiwafikii wengine hata mwaka mmoja, na sahani ya biriani anayoletewa baada ya wiki haiwi zamu, bali shukrani.

Ni vyema kuitazama kazi yenyewe. Mnofu hukatwa vipande vyembamba kwa kufuata nyuzi zake, hulazwa katika maji ya chumvi, hutundikwa juu ya wavu uliowekwa ndani ya pipa la lita 200 lililokatwa mdomo, na chini yake huwashwa makumbi ya nazi yaliyolowanishwa kidogo ili yatoe moshi bila kuwaka. Mafuta yakidondokea makaa moto huruka, na asipokuwapo mtu wa kuutuliza papo hapo, nyama ya nyumba tatu huungua kwa pamoja. Vipande vya kila nyumba hutofautishwa kwa ukindu uliotiwa rangi, mwekundu kwa huyu, wa zambarau kwa yule, na mkaushaji huvigeuza kimoja kimoja kuanzia Alasiri hadi karibu na Alfajiri. Asubuhi macho yake yamevimba na nguo zake hazivaliki mpaka zifuliwe mara mbili. Mtaa huo huo una mashine ya kusaga, na hakuna aliyewahi kumwona msagaji mchoyo kwa kutoza jirani. Sioni tofauti baina ya kazi hizi mbili isipokuwa moja: ya kukausha hufanywa uani na mwanamke, na kazi ya uani tumezoea kuihesabu kuwa haina gharama.

Suluhisho linalopendwa na wengi ni la kati na kati: mkaushaji asitoze fedha, bali abakishe sehemu ya nyama. Linasikika la kiungwana, na mimi mwenyewe niliwahi kulitetea. Siku hizi naliona kuwa ndilo linaloleta ugomvi mwingi zaidi, na sababu yake ni maji.

Mnofu mbichi wa ng'ombe usio na mafuta ni maji kwa kiasi cha asilimia 70 hadi 75. Chukua kilo 10 zenye maji asilimia 75: kilicho nyama hasa ni kilo 2.5 tu. Ukikausha mpaka maji yafikie asilimia 60 ya uzito, utamrudishia mwenyewe kilo 6.25. Ukiendelea hadi asilimia 40, kiwango ambacho bado kinatafunika vizuri, utamrudishia kilo 4.2 hivi, na ukitaka ikauke zaidi, ifikie asilimia 25, zitabaki kilo 3.3. Hapo hakuna aliyedokoa hata kipande, wala hatujahesabu mafuta yaliyodondoka. Kwa maneno mengine, kadiri mkaushaji anavyoifanya kazi yake vizuri zaidi, ndivyo anavyozidi kufanana na mwizi.

Nilimwona bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu akikabidhi sufuria isiyofika nusu kwa mtu aliyemletea ndoo iliyojaa. Mwenye nyama alifunua, akatazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Ndiyo yote?" Bi mkubwa hakujibu, kwa kuwa kweli alikuwa amebakisha kipande chake, kama walivyokubaliana, na baada ya kipande hicho hakukuwa na njia ya kuthibitisha kwamba kilichopungua kingine kilikuwa mvuke. Walikubaliana "kilo moja", lakini hawakusema kilo ya mbichi au ya kavu. Kwa nyama iliyokaushwa hadi asilimia 40, kilo moja kavu ni sawa na kilo 2.4 za mbichi, na kila mmoja alikuwa na hesabu yake kichwani.

Sheria ya dini nayo iliiona hatari hii zamani. Ali bin Abi Talib amesimulia kwamba Mtume alimwamuru agawe nyama, ngozi na matandiko ya ngamia waliochinjwa katika Hija, wala asimpe mchinjaji chochote katika hivyo kuwa ujira. Ujira ulitoka kwingine. Wanazuoni wameipima udhiya kwa hadithi hiyo, na kwa maoni yangu mkaushaji hatofautiani na mchinjaji katika jambo hili. Hata nje ya udhiya, wanazuoni wa madhehebu ya Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, hawaruhusu msagaji alipwe kwa sehemu ya unga ule ule anaousaga, ingawa wale wa madhehebu ya Kihanbali wanaruhusu.

Basi aombe fedha, kwa kilo ya nyama mbichi, iliyopimwa mbele ya mwenyewe kabla haijaingia pipani, na ataje kiasi chake siku chache kabla ya Idi ili asiyekubali apate nafasi ya kutafuta njia nyingine. Makumbi na chumvi mwenye nyama aje navyo, na kila nyumba itoe kijana wa kushika zamu ya muda wa saa mbili katika usiku huo, kwa kuwa anayeushuhudia moshi hahitaji kuelezwa maji yamekwenda wapi. Nyama ya mjane au ya mtu aliyeletewa sadaka ikaushwe bure, na hilo pia lisemwe mapema.

Gharama ya mpango huu ipo, na ni halisi: anayepokea ujira hubeba dhamana, na nyama ikiungua kwa uzembe wake atadaiwa, jambo ambalo mwenye kujitolea angesamehewa. Lakini msamaha huo nimeusikia ukisifiwa zaidi kuliko nilivyouona ukitolewa. Bi mkubwa niliyemtaja alinunua mizani mwaka uliofuata na akaanza kutaja bei. Nyumba mbili zilinuna na hazikuleta tena. Waliobaki humlipa asubuhi, na wapo wanaomrudia jioni na kipande cha nyama hiyo hiyo, kwenye sahani iliyofunikwa kawa, ambacho sasa ni zawadi kwa kuwa ujira wake alikwisha kuupokea.