Nimeomba soksi nikapewa ndege

Jamani hivi mtu akifikisha miaka 50 anadaiwa nini? Mimi niliomba soksi. Za sufu, maana baridi ya huku Uingereza haina undugu na mtu. Wanangu hawa waliozaliwa huku wakachangishana wakanilipia dakika ishirini kwenye ndege ya zamani pale Duxford, jirani na Cambridge, eti baba ukaenjoi.

Ndege yenyewe Tiger Moth, mabawa moja juu moja chini kama kitanda cha dabo deka. Aina hiyo iliruka mara ya kwanza 1931, ndizo walizojifunzia marubani wa Uingereza vita ya pili. Sasa mimi Dar nilikuwa nikiona daladala imezibwa kioo kwa nailoni nasubiri inayofuata, leo wanangu wananilipia nipande chombo kilichomzidi umri marehemu baba yangu?

Kwanza nikapandishwa kwenye mizani kama gunia la mahindi, mke wangu akachungulia zile kilo akacheka, tukanuniana hapohapo. Nikavalishwa koti la ngozi, kofia ya masikio na miwani, nikawa kama fundi welda. Nikaigonga ndege ubavuni kwa kidole, ikalia dum. Kitambaa! Kitambaa kimepakwa rangi, kimevutwa juu ya mbao na vyuma. Breki hamna. Kuwasha sasa, jamaa anakamata pangaboi kwa mkono anavuta anaruka pembeni, ikakohoa ikazima, akarudia, mimi nipo ndani nimeshafungwa mikanda nahesabu inavyokohoa.

Nikajua rubani atakaa mbele. Wapi! Abiria ndo mbele, yeye nyuma, yaani tukigonga kitu mimi ndo wa kwanza kupata taarifa. Na tangi la petroli wameliweka kwenye bawa la juu, juu ya kichwa changu mimi baba wa watoto watatu.

Tukapaa, upepo unaingia puani bila hodi, na katikati ya miguu kuna mkongojo unajisogeza wenyewe kushoto kulia, kumbe umeunganishwa na wa rubani, mi nikaubana kwa magoti nisije nikadondoka nasikia kwenye kofia achia bwana, achia! Chini naiona barabara kuu ya M11, watu wako kwenye magari yao na hita, niliwaonea wivu sijawahi. Mara ananiambia haya endesha wewe. Mimi? Mimi ambaye kupaki tu mpaka mke wangu ashuke anielekeze?

Tumetua magoti yanacheza. Rubani akampa mke wangu mkono, akamwambia mumeo anaimba vizuri, kaimba mwanzo mwisho. Kumbe maiki ilikuwa wazi! Na mke wangu anajua mimi siimbi, ile ilikuwa Ayatul Kursi, na kwenye kona namwita mama. Nikamwambia ndiyo, huwa naimbaimba, twende kwenye gari.