Nilisema Nakwenda Matangani

Katika familia nyingi za Lubumbashi, mji wa kusini mwa Kongo, mama anaweza kulala nje ya nyumba yake bila mtu kumhoji, mradi usiku huo uwe na jina linalofahamika. Akisema anakwenda matangani, wakwe humpa pole na nauli. Akisema ana mkesha wa sala, humwomba awakumbuke. Akifuata mzigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akakosa gari la kurudi, watasema kwamba mama huyo anajua kutafuta. Lakini mama anayesema kwamba Jumamosi atalala peke yake shambani, mbali na mji, ili atazame nyota, huulizwa swali moja tu, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: "Unakwenda na nani?"

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nina mume na watoto watatu, na tunaishi katika lupango moja, yaani ua mmoja, na mama mkwe wangu. Swali hilo nililikwepa kwa miaka kadhaa, na nilipochoka kulikwepa nikadanganya. Jumamosi ya tarehe 6 Julai 2024 niliaga kwamba ninakwenda Kipushi, kwenye matanga ya mzazi wa mwalimu mwenzangu, kisha nikapanda gari la barabara ya Kasenga, upande wa pili kabisa. Usiku huo mtoto wangu wa pili alishikwa na homa kali. Kule shambani simu yangu haikushika mtandao, kwa hiyo shemeji yangu mdogo alipanda pikipiki hadi Kipushi, akazunguka mtaa hadi mtaa akiuliza palipo na kilio. Alikuta matanga mawili, na katika moja aliketi kwa heshima na kutoa mchango kabla ya kugundua kwamba marehemu hakuwa na mtoto mwalimu. Siku hizi tunacheka. Asubuhi ile hakuna aliyecheka, ingawa mtoto alikuwa amekwisha kupata dawa na kulala, kwa sababu baba yake alikuwa amekesha akiwa na maswali mawili badala ya lile moja.

Ndugu waliokuja kutusuluhisha walisema kosa langu ni kwenda. Nilikubali lawama, lakini hadi leo sikubaliani na hukumu hiyo. Kosa langu lilikuwa kuupa usiku ule jina la kuazima. Mtu anayelala peke yake mahali pasipo majirani anahitaji kuliko wote watu wanaojua alipo, na uongo nilioutunga ili unikinge na maneno ya watu ndio ulioniondolea kinga hiyo. Ningekuwa nimeumwa na nyoka, wangenitafuta Kipushi.

Mama mkwe aliniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini nyota zilizo juu ya lupango letu hazinitoshi. Nilimjibu kwamba mjini tunaona zile zinazong'aa zaidi tu, kwa sababu mwanga wa taa hurudishwa na vumbi na moshi wa mbabula, yale majiko ya makaa, na hata umeme unapokatika jenereta za jirani huanza kuwaka kabla macho hayajazoea giza. Macho huhitaji karibu nusu saa kulizoea, na simu moja ikiwashwa mbele ya uso, kazi inaanza upya. Upande wa Likasi na Kolwezi kuna taa za migodi. Ndiyo maana nafuata barabara ya Kasenga, kwenye shamba la binamu yangu, ambalo lina ukuta na mlinzi mzee anayelala mapema. Katikati ya Julai, saa nne usiku, kiini cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, kinakuwa karibu na utosi, jambo ambalo watu wa Ulaya hawalipati kamwe, kwani kwao sehemu hiyo hukaa chini karibu na upeo wa macho. Saa kumi alfajiri Kilimia, kile kishada cha nyota, kimekwisha kuchomoza upande wa kaskazini mashariki, na kusini yanaonekana yale mawingu mawili ya Magellan, ambayo kwa kweli ni makundi ya nyota yaliyo nje ya kundi letu. Mwanga wa lile dogo husafiri takriban miaka 200,000 kabla ya kunifikia mimi niliyejifunika blanketi mbili, nikitetemeka, maana baridi ya Julai kwetu hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10.

Nafasi zenyewe ni chache kuliko watu wanavyodhani. Mvua huziba anga hadi Aprili, na kuanzia Agosti moshi wa mioto ya porini huanza kuifuta tena, huku mwezi ukirudi gizani mara moja tu katika kila siku 29 na nusu. Mwaka huu wa 2026 giza la mwezi linaangukia tarehe 16 Mei, 15 Juni, 14 Julai na 12 Agosti. Ukitoa mitihani ninayopaswa kusahihisha, na ndoa ambazo kila familia huzipanga katika kiangazi hichohicho, zinabaki Jumamosi mbili, labda tatu. Hakuna mama mkwe anayeweza kusema kwamba huo ni ulafi.

Hata hivyo, kuna malipo ambayo nakataa yafanywe. Kwetu mama akiondoka, kazi zake humwangukia binti mkubwa, na kila mtu huona kwamba nyumba imesimama vizuri. Binti yangu ana miaka 14. Kama usiku wangu wa nyota ungemfanya yeye asonge bukari, yaani ugali, aogeshe wadogo zake na kuamka usiku mtoto akilia, ningekuwa sijapumzika kwa haki, ningekuwa nimehamisha mzigo tu. Kwa hiyo sharti la kwanza nililowekeana na mume wangu ni kwamba anayeshika nafasi yangu ni yeye, na nauli inatoka katika zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, wala haigusi karo ya watoto. Akiwapo mgonjwa nyumbani, siendi. Nikifika barabarani, kabla mtandao haujapotea, napiga simu, na namba ya mlinzi imeandikwa mlangoni.

Wapo wanaoniambia niwachukue wote. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa, lupango zima lilitoka nje. Kuanzia saa moja na nusu usiku ulikuwa mwekundu kabisa kwa dakika zaidi ya 80, watoto wakipiga kelele, jirani akiomba kwa sauti, mama mkwe akiwa kwenye kiti chake na kikwembe, yaani kitenge, begani, akiniuliza kivuli kile ni cha nani. Nilimwambia ni chetu, cha dunia. Nilifurahi usiku ule pengine kuliko usiku wowote wa shambani. Lakini furaha ile ilikuwa kazi vilevile: nilieleza, nilituliza, nilifunika mtoto, nilichemsha chai. Ninachokitafuta barabara ya Kasenga ni muda wa saa kumi ambazo hakuna anayeniita kwa jina lolote, hata lile la mama ambalo nalipenda, na sioni aibu kulisema hilo kwa maneno hayahaya mbele ya wakwe, kwani nimekwisha kulisema.

Safari ya mwaka huu nimeiombea Jumamosi ya tarehe 13 Juni. Juzi nimesikia kwamba kamati ya ndoa ya mpwa wa mume wangu inaitaka siku hiyohiyo, na itakaa Jumapili kuamua. Wakiichukua, nitavaa kikwembe cha sare na kucheza hadi asubuhi, kisha nitasubiri tarehe 18 Julai, ambapo mwezi mchanga utakuwa umezama kabla ya saa tano usiku. Mama mkwe nimempa tarehe zote mbili, na amemwagiza mwanawe anunue unga mapema.