Ulevi upo, lakini si wote

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa amezichora frateniti za vyuo vya Marekani, yaani vyama vya wanafunzi wa kiume wenye nyumba zao, kama genge la watoto wa matajiri wanaolewa usiku na mchana. Nimesoma huko, nikapanga jirani na nyumba yao moja. Ijumaa muziki mpaka alfajiri, hilo halina ubishi. Ila siku ya kikao ungewakuta wamevaa tai, mweka hazina anasoma majina ya wasiolipa ada utadhani kikoba cha mtaani kwetu!

Na mbona za Weusi hakuzigusa kabisa? Alpha Phi Alpha ilianzia chuo kikuu cha Cornell mwaka 1906, na Martin Luther King alikuwa mwanachama. Huko hata wazee wenye mvi bado wanahudhuria vikao.

Ila nyie mnaosema kwenye maoni hapa kwamba kuwanyanyasa wanachama wapya ni utani wa vijana, hapana. Chuo cha Penn State, jimbo la Pennsylvania, Februari 2017, kijana wa miaka 19 alinyweshwa pombe usiku wa kupokelewa, akaanguka kwenye ngazi, wenzake wakakaa muda wa karibu saa 12 bila kuita msaada. Akafariki. Mnashangaa nini Pennsylvania kutunga sheria kali mwaka 2018?