Kugawana vyeo kwa kabila kama Burundi, Arusha tunaihitaji kweli?

Uchaguzi ukikaribia hapa Arusha vijiweni ni stori ileile, safari hii zamu ya nani, Mmeru, Mwarusha, Mchaga au wa kuja, na juzi kati pale Kilombero kwenye kahawa jamaa mmoja akasema bora iandikwe tu kwenye sheria kila kabila lipate asilimia yake kama Burundi, yaishe. Wengi wakamuunga mkono. Mimi naona huo mfano tunautaja nusunusu, wakati mkataba wenyewe wa amani ya Burundi ulisainiwa hapahapa mjini kwetu tarehe 28 Agosti 2000, Mwalimu Nyerere aliusimamia mpaka alipofariki 1999, Mandela akaumalizia.

Tuwatendee haki kwanza wanaotetea mgao. Mwaka 1993 Burundi walimchagua Melchior Ndadaye, rais wa kwanza Mhutu, na hata miezi minne madarakani haikufika wanajeshi wakamuua, jeshi lenyewe likiwa mikononi mwa Watutsi, vita ikafuata. Sasa watu wa hivyo ukiwaambia kila mtu kura moja basi, hujawasaidia kitu, maana Mtutsi anajua ni wachache kila kura atashindwa na Mhutu anajua hata akishinda bunduki anayo mwingine. Ndo maana katiba ya 2005 ikaweka bungeni Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, Watwa, kabila dogo kuliko yote, viti vitatu, seneti nusu kwa nusu, na jeshini kabila lolote lisizidi nusu. Kwangu hapo kwenye jeshi ndo penyewe kabisa. Watu waliokuwa wanawindana porini wakawekwa kambi moja, baadae wakaenda kulinda amani Somalia pamoja, hiyo sio kazi ndogo jamani.

Alafu kuna kitu wachache wanakijua, kwenye orodha ya wagombea kila watatu wanaofuatana wasizidi wawili wa kabila moja, kwa hiyo CNDD-FDD, chama kilichotokana na waasi wa Kihutu, kikalazimika kutafuta Watutsi. Ubelgiji wao mawaziri wanaoongea Kifaransa na wanaoongea Kiholanzi lazima walingane idadi, ukimtoa waziri mkuu, ila vyama vyenyewe vimegawanyika kwa lugha, na kuanzia 2010 walikaa siku 541 wakivutana bila kuunda serikali.

Lakini huyo mbunge Mtutsi aliyewekwa na chama kikubwa anamsikiliza nani, wananchi au aliyemuweka? Na 2015 rais wao Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu damu ilimwagika, na waliompinga walikuwa Wahutu na Watutsi pamoja. Asilimia zote zile hazikumzuia mtu mmoja kung'ang'ania kiti.

Lebanoni ndo inanitisha zaidi. Viti 128 vya bunge nusu Wakristo nusu Waislamu, rais lazima awe Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msuni, spika Mshia, na sensa rasmi ya mwisho ni ya 1932, kwa sababu wakihesabu upya hesabu nzima ya vyeo inavurugika. Sisi sensa zetu hazijauliza kabila tangu ile ya 1967. Tukitaka mgao itabidi tuanze kuuliza, na pale Sakina kuna watoto baba Mchaga mama Mmeru na wanaongea Kiswahili tu, huyo karani atamuandika wapi?

Sisemi mgao ni mbaya kila mahali, hata katiba yetu inao, rais akitoka upande mmoja wa Muungano makamu anatoka upande wa pili, na ni sawa kabisa, Zanzibar ni ndogo na bila hivyo ingemezwa. Penye hofu ya kweli, ya kuuawa au kumezwa, mgao unaokoa, tena uwekewe muda wa kuupima, kama katiba ya Burundi ya 2018 ilivyoipa seneti miaka mitano iamue kama uendelee au uishe. Arusha hatuna hofu hiyo. Tunacholalamikia vijiweni ni viwanja, tenda na ajira kupeana kwa kujuana, na diwani wa kabila lako akiwa mla rushwa hata hicho kiwanja atakuuzia wewe kwa bei ileile. Dawa ya hiyo ni halmashauri ibandike majina ukutani, nani kapewa kiwanja, nani kapata tenda na kwa shilingi ngapi, kila mtu asome.