Mfuko wa hisa za dunia: kununua ni rahisi, kazi ni kukaa nao

Siku hizi karibu kila anayeuliza aanzie wapi kuwekeza hupewa jibu moja: nunua mfuko wa fahirisi wa hisa za dunia, weka kiasi kilekile kila mwezi, usiuguse kwa miaka ishirini. Basi, kwaheri. Ushauri huo naukubali kwa sehemu kubwa. Kinachonikera ni wepesi unaotolewa nao, maana ndani yake kuna mambo ambayo anayeanza hajaambiwa, na hayohayo ndiyo yatakayomfanya auze siku mbaya kabisa ya kuuza.

Fahirisi ni orodha ya kampuni iliyopangwa kwa kanuni, kila kampuni ikipewa uzito kulingana na thamani yake sokoni. Mfuko wa fahirisi hununua kilichomo kwenye orodha kwa uzito uleule, bila meneja anayekesha akikisia kampuni ipi itapanda. John Bogle wa Vanguard, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, alipouleta mfuko wa namna hii kwa wananchi wa kawaida wa Marekani mwaka 1976, matumaini yalikuwa kukusanya dola milioni 150. Zilipatikana milioni 11 na ushee. Wenzake katika biashara ya fedha waliuita upuuzi wa Bogle.

Waliocheka walishindwa na hesabu ya darasani. Wenye hisa wote ukiwajumlisha, hao ndio soko, kwa hiyo faida yao ya wastani kabla ya gharama haiwezi kuwa zaidi ya faida ya soko lenyewe. Akipata mmoja zaidi, mwingine kapata pungufu. Sasa toa gharama. William Sharpe, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1990, aliieleza hoja hii kwa kurasa chache mwaka 1991 na hadi leo ni vigumu kuikwepa: kundi linalolipa mameneja ada kubwa lazima, kwa wastani, libaki nyuma ya kundi linalolipa ada ndogo.

Iangalie hesabu hiyo kwa karibu. Una 10,000, ya sarafu yoyote. Tuseme soko linakupa asilimia 6 kwa mwaka kwa miaka 30. Kwenye mfuko unaotoza asilimia 0.2, utamaliza na takribani 54,000. Kwenye mfuko unaotoza asilimia 1.5, utamaliza na kama 37,000. Soko ni lilelile, miaka ni ileile, na tofauti ya 17,000 imeyeyukia kwenye ada na kwenye faida ambayo ada hizo zingezaa kama zingebaki mfukoni mwako. Asilimia moja na kidogo husikika kama chenji ya kuacha mezani, na wanaoitoza wanajua kwamba husikika hivyo.

Hoja ya pili inayouunga mkono mfuko huu naiona nzito zaidi, ingawa haitajwi sana. Mwaka 2018 Hendrik Bessembinder wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona alichapisha utafiti wa hisa za Marekani tangu 1926. Aligundua kuwa karibu asilimia 4 tu ya kampuni ndizo zilizobeba utajiri wote ambao hisa zilizalisha kuzidi zile ambazo hati za muda mfupi za hazina, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, zingelipa. Kampuni nyingine zote kwa ujumla wao zilifanya sawa na hati hizo. Kwa hiyo anayechagua hisa kumi kwa mkono wake ana nafasi kubwa ya kuzikosa zile chache zinazolipa, hata kama kampuni zake zote ni nzuri. Mwenye orodha nzima anazo, hata kama hazijui kwa majina.

Upande huo umenishawishi. Sasa tuje kwenye neno "dunia".

Fahirisi ya dunia iliyo maarufu zaidi, MSCI World, iliyopewa jina la kampuni inayoitunga, ina nchi 23, zote zilizoendelea. Humo hamna China, hamna India, hamna Brazili, wala nchi hata moja ya Afrika. Anayetaka masoko yanayoinukia atafute mfuko unaofuata fahirisi pana zaidi, kama MSCI ACWI au FTSE All-World, ambako utazikuta pia Afrika Kusini na Misri, kwa uzito mdogo sana. Na hata kwenye hizo pana, kampuni za Marekani zinachukua zaidi ya nusu. Kwenye MSCI World ni kama 70 katika kila 100 unayoweka. Kampuni kumi za juu, akina Nvidia, Apple na Microsoft, ni kama robo ya mfuko mzima au zaidi, ilhali orodha ina kampuni zaidi ya elfu moja. Zile za mkiani hupata senti.

Wapinzani wanasema huku ni kujidanganya: unajiona umetawanya fedha zako duniani kote, kumbe umeziegemeza kwenye nchi moja, na ndani ya nchi hiyo kwenye sekta moja, tena baada ya bei kupanda sana. Kanuni ya uzito kwa thamani, wanaongeza, inakulazimisha kushika kingi zaidi cha kile ambacho tayari ni ghali. Maneno haya yana ukweli, na kuna mfano wa kuyapima.

Mwisho wa mwaka 1989, kampuni za Japani zilikuwa zaidi ya asilimia 40 ya thamani ya masoko ya hisa duniani, zikiizidi Marekani. Nikkei, fahirisi ya hisa za Japani, ilifunga mwaka huo kwenye 38,915. Kisha ikaporomoka, na haikuiona namba hiyo tena hadi Februari 2024, miaka 34 baadaye. Mvumilivu hula mbivu, tunaambiwa, lakini hakuna aliyesema kuiva kutachukua miaka mingapi.

Aliyekuwa na mfuko wa Japani peke yake aliumia kwa kizazi kizima. Aliyekuwa na hisa za dunia aliumia pia mwaka 1990, ila mambo yake yalikwenda kwingine. Kadiri bei za Japani zilivyoshuka, ndivyo uzito wake kwenye orodha ulivyopungua wenyewe, na kampuni za kwingineko, hasa Marekani, zikakua na kuijaza nafasi hiyo. Hakupigiwa simu na mtu wala hakuhitaji kutabiri. Kwa hiyo jibu langu kwa wapinzani ni kwamba wingi wa Marekani ndani ya mfuko ni hatari ya kweli, na siku bei zake zikianguka kila mwenye mfuko atalia. Lakini mfuko wa dunia ndio uliotengenezwa ili usihitaji kujua nchi gani itashika zamu inayofuata. Anayeikata Marekani kwa nusu kwa sababu ni ghali anaweza kuwa sahihi. Ajue tu kwamba ameshaanza kubashiri, na kubashiri ndiko alikosema anakukimbia.

Mfano mdogo wa jinsi upana huo unavyokinga ni Urusi. Machi 2022, MSCI iliziondoa hisa za nchi hiyo kwenye fahirisi zake kwa bei ya karibu na sifuri. Kwa mwenye mfuko mpana wa dunia hasara hiyo ilikuwa chini ya asilimia moja. Kwa mwenye mfuko wa Urusi pekee, ndiyo ilikuwa mwisho wa habari.

Wengine hulalamika kwamba mfuko wa fahirisi hununua hata kampuni za tumbaku na silaha. Ni kweli. Ipo mifuko inayoziondoa, kwa ada ya juu kidogo, na huo ni uamuzi wa dhamiri ya kila mtu.

Kinachonisumbua mimi zaidi kuliko Marekani ni pale mtu anapofika mwaka wa kumi na tano.

Chukua anayeweka 100 kila mwezi, na soko linampa wastani wa asilimia 6 kwa mwaka. Miaka 15 ikitimia, atakuwa ameweka jumla ya 18,000 na salio lake linasoma kama 29,000. Amefurahi, ana haki ya kufurahi. Kisha linakuja anguko kama la 2007 hadi 2009, ambapo hisa za Marekani na za dunia zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani. Anafungua programu kwenye simu na kukuta 14,500. Hizo ni pungufu kuliko fedha alizoweka kwa mkono wake. Kilichopotea ni sawa na michango ya miaka 12, na habari kila asubuhi zinasema bado hatujafika chini.

Mwaka wa kwanza, anguko hilohilo lingemgharimu mia chache, angecheka na kuendelea. Ndiyo maana simwamini sana anayeanza akiniambia kwamba yeye hana wasiwasi na kushuka kwa soko. Hajajaribiwa. Wengi walioanza baada ya 2009 wanaikumbuka Machi 2020 kama kipimo chao, na kweli hisa za dunia zilishuka kwa theluthi moja ndani ya wiki kama tano. Lakini kufikia mwisho wa Agosti mwaka huohuo zilikuwa zimerudi. Ilikuwa homa ya malaria iliyotibiwa mapema. Mtihani mgumu zaidi ni ule wa mwaka 2000 hadi mwisho wa 2009: miaka kumi kamili ambayo faida ya fahirisi ya hisa za dunia, hata ukihesabu magawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, ilikuwa karibu na sifuri kwa dola. Wakati wote huo mfumuko wa bei unakula kimyakimya.

Hapo ndipo ushauri wa "usiuguse" unapoonekana ni mzigo. Meneja ghali, pamoja na ubaya wake wote, angalau alikuwa mtu wa kulaumiwa. Mwenye mfuko wa fahirisi hana wa kumlaumu, na hakuna anayemzuia kubonyeza kitufe cha kuuza.

Kwa hiyo swali la mfuko upi lina jibu jepesi: mpana, wa ada ndogo, wa kampuni inayosimamiwa kisheria. Swali la fedha zipi ndilo la kukalia kitako. Ada ya shule ya mwakani haiingii humo. Fedha za dharura haziingii. Mwenye mkopo wa riba ya asilimia 20 akiulipa anapata faida ya uhakika ya asilimia 20, ambayo hakuna soko la hisa linaloiahidi, na inashangaza ni wangapi wanaowekeza huku wakiwa na deni la namna hiyo.

Asiye Mmarekani aangalie pia mfuko umesajiliwa nchi gani, maana hili hufichwa kwenye maandishi madogo. Marekani hukata hadi asilimia 30 ya magawio yanayolipwa kwa mgeni asiye na mkataba wa kodi kati ya nchi yake na Marekani. Mfuko uliosajiliwa Ireland hukatwa 15 kwa magawio ya hisa za Marekani. Tena mgeni akifariki akiwa na mali zilizosajiliwa Marekani zinazozidi dola 60,000, warithi wanaweza kudaiwa kodi ya mirathi huko.

Nikitakiwa kumpa anayeanza zoezi moja kabla hajanunua kipande cha kwanza cha mfuko, ningemwambia achukue karatasi aandike kiasi anachotarajia kuwa nacho baada ya miaka 15, akigawe kwa mbili, kisha aweke jibu pembeni ya jumla ya michango yake. Akiitazama ile namba ndogo na kuona angeendelea kuchangia, aweke fedha zake zote za muda mrefu kwenye mfuko wa hisa. Akisita, aweke 60 katika kila 100 na zilizobaki azipeleke kwenye hati fungani, yaani mikopo kwa serikali au kampuni, au kwenye amana ya benki. Atakosa faida fulani miaka mizuri, na huenda wenye hisa tupu wakamcheka. Lakini akiba yote ya hisa ikipoteza nusu, yeye atapoteza kama 30 katika kila 100, na kwa mtu aliyesita mbele ya karatasi, huo unaweza kuwa ndio mpaka kati ya kukaa na kuuza.