Keki Iliyofanyiwa Upasuaji

Kiingereza cha shemeji yangu hakikuwa kibaya. Ni fundi umeme, anasoma maelekezo ya mashine bila kuuliza mtu, na mteja wa kigeni akija wanaelewana mpaka kwenye bei. Kilichomponza ni kupewa neno la shukrani kwenye send-off ya binti wa kaka yake, pale Moshi, halafu akaambiwa upande wa bwana harusi utakuja na wageni wawili kutoka Uskoti, wakubwa wa kijana kazini kwenye mradi wa maji. Akaona Kiingereza cha nyaya na soketi hakifai meza kuu.

Akanunua kaunta buku nene, akapiga mstari katikati. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, maneno 20 kila usiku, neno moja kwa neno moja. Mimi nafundisha watu wazima Kiingereza cha jioni, na daftari la namna hiyo nikiliona tu najua ajali itatokea wapi: safu ya kulia. Ni nyembamba, haibebi maelezo. *Notorious* ni mtu aliyejulikana kwa ubaya, mashuhuri kwa wizi, kwa fujo, kwa kutolipa madeni. Shemeji akaandika "mashuhuri", nafasi ikaisha, akahamia neno linalofuata.

Nikampelekea kadi. Mbele unaandika sentensi yenye pengo, nyuma neno lenyewe, na chini yake majirani wawili watatu ambao neno hilo hutembea nao. Kwa *notorious*, majirani ni *criminal*, *gang*, *liar*. Ukishawaona majirani hao, huhitaji mtu wa kukuambia usimwalike huyo bwana kwenye send-off. Kona ya juu unaweka alama: R kwa neno la rasmi, M kwa la mtaani, L kwa la kulaumu. Alama hizo hutungi mwenyewe. Kamusi nzuri ya wanafunzi, ile ya Kiingereza kwa Kiingereza, imezichapa pembeni mwa neno: *formal*, *informal*, *disapproving*. Watu wanaziruka kama matangazo.

Kadi zinakaa kwenye boksi la viatu lenye vyumba vitano. Mwandishi wa habari Sebastian Leitner ndiye aliyeueneza utaratibu huu mwaka 1972. Kadi mpya inaanzia chumba cha kwanza, unachokipitia kila siku. Ukiipata inasogea cha pili, unachokifungua kila baada ya siku mbili, kisha cha siku nne, cha nane, cha kumi na sita. Ukiikosa, hata kama ilishafika chumba cha mwisho, inarudi mwanzo bila huruma. Maneno mapya matano kwa siku yanatosha kabisa, maana kesho yake utayadai pamoja na ya jana.

"Shemeji," akaniambia, "send-off ni mwezi ujao. Wewe unaniletea boksi la viatu."

Nikajaribu njia nyingine. Mwaka 2000 mtaalamu Averil Coxhead alitoa orodha ya familia 570 za maneno yanayorudi mara kwa mara kwenye maandishi ya kitaaluma. Humo mna *contribute*, *allocate*, *fund*: kamati nzima ya harusi imo. Akaipitisha macho, akasema haya hata watoto wa sekondari wanayo. Yeye alitaka neno ambalo mtu akilisikia anakaa vizuri kwenye kiti.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, wageni wa Uskoti wako mbele, shemeji yuko ndani ya suti ya kijivu. Akafungua: "Ladies and gentlemen, welcome to our notorious family!"

Wale wageni wakacheka kwa raha. Walidhani ni utani, na kwa kweli ungekuwa utani mzuri. Balaa la kicheko cha namna hiyo ni kwamba kinampa mtu nguvu.

Akamgeukia binti: "And our meretricious daughter." Alilitoa kwenye *merit*, kwamba binti ana sifa njema na vyeti vyake. Neno hilo kweli lina mzizi mmoja na *merit*, ila lilipitia kwa kahaba wa Kirumi, na siku hizi maana yake ni kitu kinachong'aa nje, ndani bure. Matamshi ndiyo yaliyomwokoa. Neno hakuwahi kulisikia popote, alilisoma tu, kwa hiyo alilitamka "meretrikias", na mama wa Kiskoti akatikisa kichwa kwa heshima, nadhani akijua ni jina la ukoo.

Halafu keki. Usiku wa kuamkia sherehe alikuwa ameingia kwenye simu kutafuta visawe vya *cut*, akachagua kilichoonekana kimesoma zaidi. "I now invite our daughter to amputate the cake."

*Amputate* ni kazi ya daktari wa upasuaji: mguu, mkono, kidole. Ingekuwa ndafu ningemtetea, mbuzi angalau ana miguu. Orodha ya visawe inakupa maneno yanayokaribiana, haikuambii kila moja linakata nini. Kwa Kiingereza, nyama ya kuchoma mezani ina kitenzi chake, *carve*. Nyasi zina *mow*. Nywele na ua wa michongoma vina *trim*. Na sisi tusijifanye wepesi. Tunakata tiketi, tunakata rufaa, tunakata kiu, tunakata tamaa. Mgeni akienda kwenye orodha ya visawe vya "kata" atasimama mahakamani kutangaza kwamba anachanja rufaa, kwa kuwa ameshapasua tamaa.

Binti, ambaye Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha sisi wote, alibaki ameshika kisu juu juu, mabega yakimtikisika. Mama yake akadhani analia, akampelekea leso.

Basi shemeji akafika kwenye kamati. "Lastly, I thank the committee for your invaluable contributions."

Nikashusha pumzi. Neno sahihi, mahali pake, na jirani wake halali kabisa: *invaluable contribution* ni mchango usiokadirika thamani. Kumbe mweka hazina, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anasikiliza naye. Akasimama na daftari la michango mkononi.

"Incomplete ni haijakamilika," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika jikoni. "Inactive ni haifanyi kazi. Invaluable ni nini? Watu wametoa 500,000, wengine wamekopa, unasimama mbele ya wageni unasema michango yetu haina thamani? Mimi ni mweka hazina, si mweka hazina thamani!"

Wageni wa Uskoti, walipoona mzee amenyanyuka anapunga daftari kwa hisia kali, wakajua ni baraka za wazee. Wakapiga makofi. MC akaita muziki.

Yule mzee hakuridhika. Jumatatu jioni alikuja darasani kwangu na daftari lake, akataka aone kwa macho. Nikamfungulia kamusi. Nikamweleza kwamba kiambishi chake amekisoma sawasawa, *in-* hapo ni ya kukanusha kweli, ila kinachokanushwa ni uwezo wa kukadiria. Thamani ipo, imezidi vipimo. *Priceless* ni vivyo hivyo: haina bei kwa sababu hakuna anayeweza kuitaja, siyo kwamba inagawiwa bure.

"Kwa hiyo hiyo *in* haiaminiki," akasema.

"Haiaminiki, mzee. Kuna nyingine, nayo ya Kilatini, haikanushi kabisa, inatia kitu ndani. *Inflame* ni kuwasha moto. *Inflammable* ni kinachoshika moto upesi. Maana yake ni moja na *flammable*, na ndiyo sababu siku hizi vibandiko vingi vimeiacha *in*, watu wasijichanganye."

Mzee akakaa kimya.

"Inflammable," akarudia polepole. "Ile inayoandikwa kwenye makopo ya thina?"

"Hiyo hiyo."

Akatoa simu mfukoni, akampigia kijana wa dukani.

"Yule fundi wa kuchomelea bado yupo? Mwambie azime mashine. Azime sasa hivi. Halafu yale makopo niliyosema yakae nyuma yake kwa kuwa hayashiki moto, yatoe yote nje. Usiniulize kwa nini, toa!"