St. Louis haikupoteza timu kwa ubahili

Kila inapotajwa timu ya Rams kurudi Los Angeles mwaka 2016, lawama huangukia upande mmoja: jiji la St. Louis lilibana mfuko, likakimbiwa. Hata huku kwetu, wapenzi wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, wanaokesha kuangalia fainali yake, Super Bowl, utawasikia wakisema mwenye timu ni mfanyabiashara, hukumjengea, kaenda anakoona faida. Hoja hiyo inaanzia hadithi katikati.

Tuanzie 1988, pale timu ya NFL iliyokuwapo jijini humo kabla ya Rams, Cardinals, ilipohamia Arizona. St. Louis ikaanza kujenga uwanja wa paa kabla ya kupata timu nyingine. Sasa, mwenye nyumba tupu na deni shingoni hana ubavu wa kupanga masharti. Masharti huyapanga mpangaji. Rams ilipokuja 1995, uwanja ulikuwa mzigo wa umma: jimbo la Missouri dola milioni 12 kwa mwaka, kaunti milioni 6, jiji milioni 6, kwa miaka 30. Jumlisha, utapata milioni 720.

Kilichoniumiza mimi zaidi si hizo fedha, ni kipengele kimoja cha mkataba. Kilitaka uwanja uwe ndani ya robo ya viwanja bora vya ligi nzima, upimwe 2005 na upimwe tena 2015. Usipofika hapo, timu iko huru kuondoka. Kisome tena taratibu. Ligi ina timu 32, kwa hiyo robo ni viwanja vinane hivi. St. Louis haikuahidi kuutunza uwanja wake vizuri. Iliahidi kutozidiwa na wengine. Indianapolis ikifungua uwanja mpya 2008, wa St. Louis unashuka daraja bila hata balbu moja kuungua. Dallas Cowboys ikihamia Arlington 2009, kwenye uwanja uliogharimu zaidi ya dola bilioni 1, unashuka tena. Giants na Jets wakifungua wao New Jersey 2010, unashuka tena. Jiji lilijifunga kulipia maamuzi yanayofanyika kwenye vikao vya miji mingine, ambako halina kiti wala kura. Ungeupaka rangi kila mwaka, ungebadilisha viti vyote, usingeokoka.

Bili ikafika 2012. Mamlaka inayoendesha uwanja ilipendekeza ukarabati wa dola milioni 124. Rams ikaleta mpango wa karibu milioni 700, zaidi ya mara mbili ya gharama ya kuujenga. Februari 2013 wasuluhishi waliipa timu ushindi, na kwa maandishi yale sioni wangeamua vipi vingine. Mamlaka ikakataa kulipa. Hapo ndipo neno "ubahili" lilipozaliwa, ingawa deni la ujenzi wa kwanza lilikuwa bado linalipwa.

Tena viongozi wa St. Louis hawakuishia kwenye kukataa. Mwaka 2015 walipanga uwanja mpya kando ya mto Mississippi, wa zaidi ya dola bilioni 1, karibu milioni 400 zikitoka kwa umma. Mahakama iliondoa sharti la kuwauliza wakazi kwa kura, na Desemba madiwani wakapitisha. Stan Kroenke, mmiliki wa Rams, alikuwa ameshanunua ardhi Inglewood, eneo la Los Angeles, tangu 2014. Januari 12, 2016 wamiliki wenzake walimruhusu kuhama kwa kura 30 dhidi ya 2.

Kroenke ana hoja, na ni haki isikilizwe. Uwanja wa SoFi alioujenga Inglewood, uliozidi dola bilioni 5, ulijengwa kwa fedha binafsi. Hakuwatwisha watu wa Los Angeles mzigo aliokuwa akiudai Missouri. Soko la huko ni kubwa mara nyingi. Na furaha ya timu haipimwi kwa shilingi: Januari 2000 St. Louis ilitwaa Super Bowl ikiongozwa na Kurt Warner, kijana aliyewahi kupanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi. Waulize watu wa Mbarali walivyojisikia Ihefu yao ilipohamishiwa Singida mwaka 2024 na kubadilishwa jina.

Ila furaha ni jambo moja na biashara ni jingine. Mechi za nyumbani za msimu ni nane hivi, na dola ambayo familia inaitumia uwanjani mara nyingi ni ileile ambayo ingeitumia mgahawani mtaa wa pili. Nguvu ya wamiliki inatoka kwenye uhaba: wao ndio wanaoamua timu ziwe 32, na miji inayozitaka ni mingi zaidi. Kwa miaka 21 Los Angeles haikuwa na timu ya NFL, na kwa miaka hiyo yote ilikuwa fimbo ya kutishia miji mingine.

St. Louis ilishitaki, ikidai ligi imekiuka kanuni zake yenyewe za kuhama. Novemba 2021 ikalipwa dola milioni 790 kumaliza kesi. Mawakili walichukua asilimia 35. Kabla ya hapo, Aprili 2017, wapigakura wa jiji walikataa kutoa dola milioni 60 kwa uwanja wa soka. Wakaambiwa wamejifungia mlango. Uwanja ukajengwa, sehemu kubwa kwa fedha za wamiliki pamoja na unafuu wa kodi, na timu ya soka ya St. Louis City ikaanza kucheza 2023.

Upande wa magharibi wa jimbo hilohilo la Missouri, mambo hayakwenda hivyo. Aprili 2024 asilimia 58 ya wapigakura wa kaunti ya Jackson walikataa ushuru wa mauzo kwa ajili ya viwanja vya timu za Kansas City, Chiefs ya NFL na Royals ya besiboli. Miezi miwili baadaye jimbo jirani la Kansas likapitisha sheria ya kugharamia hadi asilimia 70 ya uwanja mpya kwa hati fungani. Mpaka wa majimbo hayo unapita ndani ya eneo la Kansas City, kwa hiyo ahadi hiyo ilimfikia mwenye timu bila hata kumtaka aondoke mjini.